Siri ya Daktari Kihwelo

Nesi Tunu aliwaambia wagonjwa waziwazi kwamba sindano za wodini zina dawa iliyoisha muda. Mwenye hospitali, Daktari Kihwelo, mtukufu asiyekosea, akamwita ofisini.

“Nakushtaki kwenye baraza la leseni. Unesi wako kwaheri!”

“Sawa, daktari, andika nimesema uongo,” Tunu akalia. “Ila nakusihi, usiandike nimetoa siri ya hospitali. Hapo nitakuwa nimekwisha!”

“Ahaa, hapo ndipo panapokuuma!” Kihwelo akaandika kwa raha: “Huyu ametoa siri yetu ya dawa iliyoisha muda.” Akagonga mihuri miwili, mmoja wa kujipongeza.

Barazani, mwenyekiti aliisoma barua, akavua miwani.

“Kumbe dawa hiyo mnayo kweli, daktari?”

Leseni iliyofutwa siku ile haikuwa ya Tunu.