Mwalimu wa Kwaya na Dada wa Ukutani

Wapendwa, asubuhi ya leo nawapeleka kwenye mazoezi ya kwaya. Ni usharika wa watu wengine kabisa, kwa hiyo msianze kugeuka kumtazama mwalimu wetu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya, mtu wa kushika jambo na kuling'ang'ania. Usharika wao ulikuwa umemaliza kujenga kanisa jipya, na askofu alikuwa anakuja kuliweka wakfu. Mwalimu akatunga wimbo wa siku hiyo: mwimbaji mmoja anaanza, kanisa zima linaitikia. Alikuwa na nia moja tu, kwamba watu wote, wenye sauti na wasio na sauti, waitikie mpaka mabati yatikisike.

Mwanzilishi wa nyimbo wa miaka yote alikuwa Mama Elikunda. Lakini umri ulikuwa umemfikia, na akipanda juu sauti ilikwaruza. Mwalimu akamwita pembeni.

"Mama, umetutumikia sana. Sasa pumzika."

"Nimekwambia nimechoka, mwalimu?"

"Hapana, mama. Ila siku hiyo ni kubwa."

Mama hakubishana. Akavua joho, akalikunja vizuri, akaliacha kwenye benchi na kwenda zake. Iliwauma wanakwaya, lakini nani angemwambia mwalimu?

Mwalimu alikuwa na dawa yake. Kwenye kompyuta alikuwa ameweka programu inayoimba. Ndiyo, mmenisikia! Unaiandikia maneno, unaipangia noti, nayo inaimba kwa sauti ya binti. Na binti mwenyewe yupo, amechorwa, macho makubwa, nywele za zambarau. Mwalimu akamvalisha joho la kwaya, akammulika ukutani kwa projekta. Wanakwaya wakampa jina, Dada Umeme.

Msifikiri ilikuwa kazi rahisi. Dada yule hakuzaliwa na Kiswahili. Neno "shangwe" lilimtoka limetafunwa, na "ng'ombe" ndiyo usiseme. Mwalimu akakomaa naye. Akakata silabi, akaunga, akafuta, akaanza upya, chakula kikimpoea mezani. Hatimaye Dada Umeme akaimba bila kukwaruza, bila kukosea noti hata moja. Mwalimu alifurahi, jamani, na furaha yake ilikuwa ya haki, maana alikuwa ameitolea jasho.

Yakaja mazoezi ya mwisho, usharika mzima umeitwa. Dada Umeme akaanza, safi kabisa. Ikafika zamu ya kanisa kuitikia. Wa kushoto wakaingia mapema, wa kulia wakachelewa, wa katikati wakameza maneno. Wakarudia, ikawa vilevile. Wakarudia tena, ikawa vibaya zaidi.

"Nifuateni mimi!" mwalimu akafoka, mikono juu. "Mbona hamnifuati?"

Mzee mmoja wa sauti ya nne akasimama. "Mwalimu, tusikudanganye. Huyu dada hatuambii tuingie lini."

"Si anamaliza mstari?"

"Anamaliza. Lakini hatuambii."

Mwalimu akaona ni visingizio. Ili awaaibishe, akafungua simu, akapiga wimbo wa zamani walioimba na Mama Elikunda. Kabla hajasema neno, kanisa zima likaitikia kwa pamoja, kama mtu mmoja.

Akarudisha nyuma, akasikiliza. Ndipo akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia. Kabla ya kila kiitikio yule mama alikuwa anavuta pumzi, pumzi nzito, ya kusikika. Akivuta yeye, kanisa linavuta naye, na wote wanaingia. Miaka yote mwalimu alikuwa akipunga mikono akidhani wanaifuata mikono!

Sasa mnadhani alitubu? Wapi! Alichukua simu yake, akaenda moja kwa moja hadi kwa Mama Elikunda. Akamkuta uani anamenya ndizi.

"Mama, nina ombi dogo tu. Vuta pumzi hapa karibu na simu, kama unavyovuta ukiimba. Nirekodi, nikampachikie yule dada."

Mama alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akaweka kisu chini.

"Mwalimu, unaitaka pumzi yangu, halafu mimi nibaki nyumbani?"

Simu iko mkononi mwa mwalimu, inaendelea kurekodi.

"Basi sikia," akasema mama, akiinuka. "Pumzi hii haitembei peke yake. Ngoja nivae viatu."

Siku ya wakfu aliimba yeye. Alipopanda juu sauti ilikwaruza, na askofu alisikia, kila mtu alisikia. Kisha akavuta pumzi, na kanisa likaitikia mpaka watu wa sokoni wakauliza kuna nini.

Ndugu zangu, tusimcheke mwalimu. Sisi je? Kina mama tunawataka jikoni siku ya sherehe, lakini kikao kikiitishwa, nani anawakumbuka? Vijana tunawataka wabebe viti, mawazo yao wabaki nayo. Mzee tunamtaka atuombee, lakini kumtembelea hatuna nafasi.

Na Mungu je? Si tunamwendea hivyohivyo, simu mkononi? Bwana, nipe afya kidogo, nipe kazi, nibariki hapa nirekodi, kisha wewe baki hukohuko! Mungu alipompa mtu wa kwanza pumzi hakumtuma mtu ampelekee. Aliinama mwenyewe.

Yuko mtu uliyemwambia apumzike naye hajachoka. Wewe unamjua, na kwake unakujua. Nenda leo, kabla ya chakula cha mchana. Ukifika, usimwombe kitu chochote. Mwambie avae viatu, mje naye.