Jina la Kusukwa Mkekani

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, zamani ya juzi tu, simu za kioo zilipokwisha kuingia hadi jikoni, alikuwapo Pemba binti mmoja, Mize binti Faki, fundi wa kutengeneza tovuti. Fundi, nasema, lakini fundi asiyewahi kupata mteja. Basi akina mama wasusi wa mikeka wa kijijini kwao walipomwita awatengenezee tovuti ya kuuzia mikeka yao, furaha ilimjaa hata chakula hakikupita. Kulikuwa na mnunuzi Unguja, mwenye hoteli, aliyesema ataitazama Ijumaa. Akivutiwa, ataagiza. Asipovutiwa, atanunua mikeka ya plastiki, akina mama wabaki na mikeka yao ndani, na Mize arudi kukaa bila kazi.

Mize akafanya kosa la kikwao. Kwao hupimwa kitanda kwanza, ndipo mkeka ukasukwa. Na yeye akapima. Akachukua kioo kipana cha kompyuta ya kaka yake, akaitengeneza tovuti ikaenea humo sawasawa, picha za mikeka zimejipanga safu, kitufe cha kuagizia kimekaa upande wa kulia. Ilipendeza, nisiseme uongo. Akaenda kuwaonyesha wasusi. Kila mmoja akaifungua kwenye simu yake, akasema mashaallah. Kwao mtu haambiwi usoni kwamba kazi yake mbaya.

Isipokuwa Bi Mkasi, shangazi yake Mize, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno. Akasema mbele ya wote, "Mwanangu, mimi naona nusu mkeka. Na pa kuagizia sipaoni."

Kweli, kwenye simu ukurasa ulikuwa umekatika, kitufe kimepotelea nje ya kioo. Mize akatamani ardhi ipasuke immeze. Akatoka pale machozi yakimlengalenga, amemchukia shangazi yake kabisa. Nyinyi mnaocheka huko nyuma, mngempenda?

Aombe msaada kwa nani? Fundi mwingine aliyemjua ni Shaame, na Shaame ndiye aliyeiomba kazi hiyo hiyo akanyimwa. Mize akameza kiburi, akampigia. Shaame akaja. Akamfundisha zana za kuugawa ukurasa mafungu mafungu badala ya kuupa upana mmoja. Akamwonyesha jinsi ya kuuamuru: kioo kikiwa kipana kaa hivi, kikiwa chembamba kaa vile. Alipomaliza akaenda zake.

Mize akajaribu, ukurasa ukavurugika. Akajaribu tena, picha zikapandana. Akabomoa, akajenga, akabomoa. Mpaka akaukumbuka ukili, ule utepe wa ukindu, majani ya mkindu. Wasusi hawasuki mkeka mzima kwa mara moja. Husuka ukili mwembamba, kisha wakaushona ubavu kwa ubavu. Akayapanga mafungu yake vivyo hivyo: kwenye kompyuta yakae ubavu kwa ubavu, kwenye simu yashuke moja chini ya jingine. Akaazima kisimu cha shangazi yake, akaifungua tovuti. Mkeka mzima, na kitufe chini yake. Mize akacheka peke yake, akarukaruka chumbani.

Ijumaa ikafika. Yule mwenye hoteli akaifungua tovuti kwenye simu akiwa kwenye foleni ya mkate, na kabla zamu yake haijafika alikwisha kuagiza mikeka ya vyumba vyake vyote. Kijijini vigelegele vikapigwa hadi waliokuwa shamba wakaja kuuliza kuna harusi ya nani.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Wasusi wale wana desturi: anayewafungulia soko husukiwa mkeka wa rangi, na jina lake likasukwa ndani yake. Jina moja tu, la pili halina nafasi. Bi Time, mkubwa wao, akauliza liwe la nani.

Bi Mkasi akasema liwe lake. "Nyote mlisema mashaallah. Na mimi ningenyamaza, yule bwana angeona nusu mkeka, akaenda kwenye plastiki."

Shaame akasema liwe lake. "Ningekaa kwangu tu, kazi ingeanguka, mngeniita mimi. Nilikuja nikamfundisha aliyenishinda."

Watu wakamgeukia Mize, wakidhani atainamisha kichwa kwa adabu. Hakuinamisha. "Shangazi aliona kosa, na Shaame alinipa zana. Tovuti nimeijenga mimi. Mimi ni fundi." Akalisema neno hilo bila haya yoyote, na moyo wake ukawa mweupe.

Bi Time ameshika ukindu uliokwisha kutiwa rangi, hajui aanze na herufi gani. Mimi nina langu moyoni, wala siwaambii. Semeni nyinyi: Je, asuke jina la nani?