Yowe Lililomsahau Mwizi

"Yowe likivuka kilima humsahau mwizi." Mmelisikia neno hilo, mkaniuliza yowe limekuwa mtu, hata likumbuke na kusahau? Sogeeni basi. Methali hii ina kwao ilikozaliwa, na ilizaliwa na mtu ambaye siku hiyo alikuwa hana hata sauti ya kuitamkia.

Hapo kale palikuwa na nchi ya Mwasenga, nchi ya vilima na ng'ombe, na mtemi wake alikuwa mwanamke aliyeitwa Nyanzala. Wanyang'anyi wakaingia nchi ile kama viwavi wanavyoingia shambani. Walikuja mchana kweupe, wakaswaga ng'ombe, na aliyewazuia walimwacha amelala pale pale zizini. Askari wa mtemi walikuwa wachache na nchi ni pana. Wakiitwa mashariki, ng'ombe wanaondoka magharibi.

Mwishowe watu wakajaa barazani kwa mtemi. Msemaji wao alikuwa Ndalahwa, mhunzi, mtu wa kifua kipana na maneno machache.

"Mtemi, hatukuombi askari," alisema. "Tunaomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini, baba?"

"Ya kujilinda. Yowe likipigwa, kila mwenye miguu akimbie. Mwizi akishikwa, tummalize wenyewe."

Nyanzala akapima moyoni. Akikataa, watasema mtemi anakula sahani moja na wezi. Na wengine walishaanza kusema. Akikubali, atakuwa amelikata rungu lake vipande akampa kila mtu chake, na rungu likishagawanywa hivyo, nani atalikusanya?

Mjane mmoja akasimama. "Mtemi, wewe unalala katikati ya askari. Mimi nalala na kengele ya mbuzi. Ikigonga tu, nimeshasimama, na mara nyingi ni mbuzi anajikuna." Watu wakacheka, lakini kicheko kile kilikuwa kichungu, na Nyanzala akakisikia uchungu wake.

"Haya," akasema. "Mpiga yowe ataje mwizi yukoje na anaelekea wapi. Kila alisikiaye alipokee, alipaze na kukimbia. Asiyekimbia atahesabiwa kuwa ni mwenzake mwizi."

Vigelegele vikapasua hewa. Katika shangwe ile hakuna aliyegundua, hata mtemi mwenyewe, kwamba sheria imesema nani aanze kukimbia, haikusema nani aseme basi.

Wajukuu zangu, mambo yalinoga. Yowe likipigwa kilima hiki, kilima cha pili kinalidaka, cha tatu kinalipokea, na kabla chungu hakijachemka nchi nzima iko mbioni. Ng'ombe wakarudi, wanyang'anyi wakapungua. Wasichana wakatunga nyimbo za walinzi, na vijana waliokuwa wavivu hata wa kuchota maji sasa walilala na viatu miguuni, wakiomba mwizi aje.

Kisha mchuuzi mmoja wa chumvi akaletwa kwa mtemi, mkono umevunjika.

"Ndalahwa," mtemi akauliza, "huyu aliiba nini?"

"Hakuiba, Mtemi. Alikuwa anakimbia."

"Alikuwa anamkimbia nani?"

Ndalahwa akajikuna shingo. "Sisi."

Nyanzala alitaka kukemea. Lakini siku ile ile wanawake walikuwa wamemletea maziwa ya ng'ombe waliookolewa, nao wanacheza uani. Akaumeza ukali wake kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki, akajua kabisa umekwama wapi.

Sasa sikilizeni. Siku moja mtemi alikwenda kutazama mavuno katika Kilima cha Chumvi. Jua limesimama, watu wanapura mtama. Mara likaja yowe, likitokea upande wa Kilima cha Fisi: "Mwizi! Mwizi!" Fimbo za kupuria zikageuka silaha pale pale. Watu wakateremka bondeni kama mawe yaliyoporomoka. Nyanzala naye akapandisha nguo yake, akawafuata na askari wake wawili.

Alipofika bondeni alikuta wamemzingira mtu mmoja mwenye ng'ombe. Mtu yule amejaa vumbi, mdomo unavuja damu, anafungua kinywa na kukifunga kama kambare aliyetupwa ukingoni. Hakuna sauti iliyotoka.

"Unaona? Hana la kujibu," alisema mmoja.

"Mwizi atajibu nini? Mpigeni," akasema mwingine aliyekuwa mbele kabisa, na huyo ndiye aliyekuwa na bidii kuliko wote.

Ndalahwa, aliyekuwa amefika na walinzi, akainua rungu.

Hapo Nyanzala akasimama katikati. Alijua anachokiweka rehani. Damu za watu wale zilikuwa zimechemka. Akiwaamuru waache nao wasiache, mtu atakufa mbele ya macho yake, na utemi wake utafia hapo hapo. Kwa hiyo hakuamuru. Akauliza.

"Ndalahwa, mwenye yowe ni nani?"

"Mtemi?"

"Aliyeibiwa. Aliyelia wa kwanza. Yuko wapi?"

Watu wakatazamana. Kila mmoja alitazamia kumwona nyuma ya mwenzake.

"Kila mtu asimame na watu wa kilima chake," mtemi akasema. "Mniambie mlisikia nini."

Kusimama ni kazi ndogo, wakaifanya huku wakinung'unika. "Sisi wa Kilima cha Chumvi tulisikia 'mwizi' tu." "Sisi wa Kilima cha Fisi tulisikia 'mwizi ana ng'ombe'." Kuna kitendawili husema: nimemtuma mtoto kavaa nguo, kafika uchi. Yowe lile lilikuwa likivuliwa nguo moja kila kilima.

Wakati huo huo wakatokea watu wa Kilima cha Nyuki, wa mbali kuliko wote, wanahema. Mbele yao alikuwa mwanamke anayeitwa Holo. Alipomwona yule mtu wa vumbi akajishika kiuno.

"Mmemfanya nini Maduhu? Yowe ni lake, ng'ombe ni wake, na mume ni wangu. Amelia tangu kwetu mpaka sauti imemkauka, amewafuata ng'ombe wake mpaka amewapata, nanyi mnampiga kwa kuwapata?"

Fimbo zikateremka moja moja.

"Mama Holo," mtemi akauliza, "yowe lilipotoka kwenu lilisemaje?"

"Lilisema mwizi ni mmoja, mfupi, ana pengo la meno ya mbele. Maduhu aliliona, maana mwizi alimcheka wakati anafungua zizi."

Nyanzala akageuka. Watu wote walikuwa na vilima vyao, isipokuwa mtu mmoja, yule wa bidii. Alikuwa amejisogeza kwa watu wa Fisi, wakasema si wetu. Akajisogeza kwa watu wa Chumvi, wakasema si wetu. Kumbe aliposikia yowe linamkaribia, aliwaacha ng'ombe njiani, akageuka kuwa mkimbizaji, naye akapiga kelele kuliko wote.

"Hebu tabasamu kidogo, baba," mtemi akamwambia.

Hakutabasamu. Alitimua mbio, naye hakufika mbali. Wakamwangusha, na rungu la Ndalahwa likapanda tena juu.

"Ndalahwa, muda mfupi uliopita, ulikuwa na hakika Maduhu ni mwizi?"

"Nilikuwa nayo, Mtemi."

"Na huyu?"

"Huyu nina hakika kabisa."

"Hakika zako ni mapacha, baba. Mimi nizitofautisheje?"

Ndalahwa alilitazama rungu kana kwamba amelikuta mkononi mwa mtu mwingine. Akaliweka chini, kisha akamwendea Maduhu, akampangusa vumbi mgongoni.

"Walinzi mtabaki," Nyanzala akasema. "Siwezi kuwarudisha watu kwenye usingizi wa kengele ya mbuzi. Kimbieni, zingireni, fungeni kamba. Lakini kuanzia leo mkono hauinuki mpaka mwenye yowe afike na kinywa chake, na hukumu italetwa barazani. Atakayepiga kabla ya hapo, yowe linalofuata atapigiwa yeye. Ruhusa niliyowapa ilikuwa kamba ndefu mno; niliitoa mimi, nami ndiye ninayeikata."

Mwizi akafungwa, akaongozwa barazani akiwa mzima. Maduhu akamvuta mkewe, akamnong'oneza sikioni. Holo akacheka huku machozi yanamtoka.

"Anasemaje?" watu wakauliza.

"Sema kama alivyosema," mtemi akamwagiza, "usipunguze hata neno."

Holo akapaza sauti, watu wa Fisi wakaipokea, watu wa Chumvi wakaipokea kwa watu wa Fisi, na safari hii kila mmoja alimrudishia mwenzake kwanza, kuhakikisha amesikia sawasawa. Ndivyo maneno ya Maduhu yalivyovuka vilima vyote vya Mwasenga mpaka yakatufikia sisi, yamevaa nguo zake zote:

Yowe likivuka kilima humsahau mwizi.