Mlango wa Seremala

Wahenga waliponena kwamba hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, hawakumaanisha kwamba mwenye hasira hana haki. Mara nyingi haki anayo, tena tele; ila huruka kwa ghadhabu kama mkizi, akamwangukia hasimu wake chomboni.

Seremala mmoja, mtu wa kazi safi na maneno machache, alikuwa na nyumba ya ghorofa. Yeye na mama yake waliishi juu. Chumba cha chini alimpangisha fundi saa ambaye mtaa mzima ulimwita Kesho. Magoti ya mama yalipokataa ngazi, ikawa kila atakapo kutoka ni sharti abebwe mgongoni. Seremala akaazimia kumhamishia chini. Akampa Kesho notisi ya kuhama, kwa muda uliowekwa na sheria. Muda ukaisha, Kesho akabaki.

"Unahama lini, ndugu yangu?"

"Kesho, fundi. Mungu akipenda."

Dada yake seremala, aliyewahi kuwa karani wa baraza la nyumba, alikuja kumwonya. Wakazungumza ukumbini chini, dirisha la Kesho likiwa wazi kando yao.

"Kaka, notisi unayo na muda umepita. Nenda barazani ukaombe amri ya kumtoa. Usimguse, wala usiguse hata ndoo yake."

"Nyumba yangu mwenyewe, niombe ruhusa?"

"Nyumba ni yako. Kumtoa mtu ni kazi ya baraza."

Kesho aliyasikia yote. Alijua kwamba barazani hana pa kushika, isipokuwa mwenye nyumba akosee kwanza. Asubuhi iliyofuata, seremala akishuka na mama mgongoni, alimkuta Kesho ameketi kizingitini akichokonoa saa.

"Shikamoo, mama! Naona farasi wa leo anahema."

"Marahaba. Saa zako zinatembea, mwenyewe umesimama," mama akajibu.

Kesho akacheka, kisha akamgeukia seremala. "Mlango huu si uliuchonga wewe? Mwanamume hung'oa chake, fundi. Haendi kushtaki kama mtoto aliyenyang'anywa kiazi."

"Achana naye, mwanangu. Twende zetu," mama akasihi.

Lakini damu ilikwisha kumchemka. Alimketisha mama kwenye kiti, akaleta bisibisi, akafungua bawaba moja baada ya nyingine. Kesho hakupinga. Alimshikia hata upande wa chini, mlango usije ukakwaruzika. Seremala alipoubeba kwenda karakana, Kesho alipiga picha ule uwazi, akavaa shati safi, akashika njia ya barazani. Siku hiyo hakungoja kesho.

Mwenyekiti wa baraza, mwanamke mpole wa sauti, aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho.

"Bwana Seremala, notisi yako ni halali," alisema. "Ungetangulia wewe kuja hapa, ningekupa amri ya kumtoa. Lakini uliiacha sheria ukashika bisibisi. Rudisha mlango leo. Huyu atakaa humo mpaka shauri lake dhidi yako liishe. Ombi lako litasikilizwa baada ya hapo, mvua zikipita."

Jioni seremala alipiga magoti kizingitini, akaurudisha mlango mahali pake. Kesho alikuwa amejinyoosha kitandani, mikono kisogoni.

"Fundi, bawaba ya chini inalia kidogo."

Seremala akaitia mafuta. Kisha akaenda kuinama mbele ya kiti cha mama, naye mama akapanda mgongoni. Katikati ya ngazi pumzi zikamwishia.

"Pumzika, mwanangu," mama akamwambia, akimfuta jasho kwa ncha ya khanga. "Sasa hatuna haraka."

Chini yao mlango ulifungwa taratibu, bila kulia hata kidogo, kwa kuwa aliyeuchonga alikuwa fundi hodari. Naam, hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi.