Shanga za Bi Jua

Acheni kuipiga makofi hiyo redio, wajukuu zangu, haijaharibika. Mnashangaa inakwaruza na angani hamna hata wingu. Kaeni niwaeleze, ingawa kisa chenyewe hunichanganya hata mimi.

Zamani Bi Jua alikuwa mtulivu. Aliwaka vilevile asubuhi hadi jioni na hakurusha kitu. Kiunoni alivaa nyuzi za shanga alizoachiwa na marehemu mama yake, na hakuwa na kingine cha kumkumbukia.

Siku ya arusi ya mdogo wake, Mwezi, Bi Jua akaingia kucheza. Sasa, mwili wake si mgumu kama wetu, umelegea kama uji jikoni. Kiuno kikaenda mbio, kichwa na miguu vikabaki nyuma. Nyuzi zikajisokota, zikapandana, zikakaza. Akahisi anavutwa. Akageuka huku na kule, haoni mtu. Bi Mwanakheri, somo yake aliyemfunda, akamsihi asimame wazifumue kwanza. Wapi! Ngoma ilikuwa imemkolea.

Nyuzi mbili zilizopishana zikakatika. Desturi yao, uzi wa mwenzio ukikatika ngomani, aliye karibu huufunga papo hapo, ngoma isisimame. Mikono ikavamia, na katika fujo ile ncha ya uzi huu ikafungwa na ncha ya uzi ule. Yupi alifunga, sijui, na wao hawakujua. Nyuzi hizo mpya zikajivuta kwa ghafla kama mpira wa manati, na nguvu yote iliyosokotwa ndani ikatoka kwa mpigo mmoja. Kwanza mwanga mkali, watu wakafumba macho. Kisha shanga zikaruka kwa kasi ya kutisha.

Nyingine zilimfikia Dunia. Naye akajifunika ushungi, zikateleza hadi kichwani na miguuni pake, kule kwenye barafu, zikawaka kijani na nyekundu.

Bi Jua akalia sana. “Somo, nani alikuwa akinivuta?”

“Ni kiuno chako mwenyewe, mwanangu.”

Hakuelewa.

Na tangu siku hiyo, Bi Jua hutulia kwa muda, kisha nyuzi humkaza tena, zikakatika na kufungwa ovyo. Mwanga hutangulia, shanga hufuata, na redio zetu hukwaruza. Maskini, anazitafuta shanga za mama yake, na kila akizunguka kuzitafuta, anazisokota zilizobaki.