Kombe la Diwani

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani yenyewe ni ya juzi tu, palikuwa na mbuzi pale Ngamiani, Tanga. Aliitwa Diwani, kwa sababu alikula vya wote na hakumsalimu mtu. Mwenye mbuzi alikuwa Bi Mboza, mjane muuza mihogo. Alimlea kwa chupa tangu siku mama mbuzi alipokufa, na alizungumza naye kuliko alivyozungumza na majirani.

Hao majirani walikuwa vijana watatu, mabingwa wa kompyuta. Wakatengeneza gemu. Ndani ya gemu, Diwani anakata kamba siku ya harusi, anakimbia kisu, anapanda milima ya Usambara kutafuta mahali ambapo mbuzi hachinjwi. Akikamatwa, unabonyeza kitufe, anafufuka, anaanza tena. Walioicheza walilia. Walilia kweli, kisha wakaenda kula mishikaki.

Gemu ikashinda kwenye mashindano ya magemu. Likaja kombe: mbuzi wa shaba amesimama juu ya kibao, na kwenye kibao pana nafasi ya jina moja tu. Hapo kitumbua kikaingia mchanga.

Semboja, aliyeandika programu, akasema, "Jina ni langu. Bila mimi, Diwani asingepiga hata hatua."

Mwantumu, mchoraji, akasema, "Apige hatua na sura gani, kaka? Nimemfuata mbuzi yule jalalani na sokoni, mpaka sasa yeye ndiye anayenifuata mimi. Bila mimi, Diwani asingekuwa na sura."

Hiza, mtunzi wa kisa, akasema, "Mbuzi wenye miguu na sura wamejaa mtaani, wanatafuna makaratasi. Bila mimi, Diwani asingekuwa na sababu ya kukimbia."

Bila mimi, bila mimi! Mtaa mzima ukachoka.

Basi Bi Mboza akapata msiba Muheza. Akaja kuwaachia mbuzi wake. "Wanangu, kombe lenu silitaki. Nataka kitu kimoja tu: nikirudi, nimkute Diwani."

"Ondoa shaka, bibi," wakajibu wote kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu kombe lifike.

Alipoondoka, mwenyekiti wa mtaa akawaita. "Hapa kwetu waliogombana hula sinia moja. Pikeni pilau, mle pamoja, la jina mtaelewana." Akaongeza kwamba na yeye angefika, ili ashuhudie.

Hiza akasema, "Pilau bila nyama ni wali tu. Na mbuzi si huyo hapo?" Akasema tu, hakugusa kitu.

Mwantumu akasita. "Lakini huyo ni Diwani."

Semboja akacheka. "Diwani yumo kwenye kompyuta, na nakala yake iko kwenye flashi. Huyu alikuwa wa kuigia tu."

Mwantumu akaona kumbe kweli. Akatangulia uani akiita, na Diwani akamfuata kwa hiari yake, kamba haikuhitajika. Semboja akashika kisu.

Pilau ilikuwa tamu. Wakala sinia moja, wakapatana, wakakumbatiana. Mwenyekiti akaomba mguu mmoja wa kwenda nao nyumbani.

Bi Mboza akaingia wangali wanajilamba vidole. Mkononi ana kikapu cha maganda ya mihogo. "Diwani wangu yuko wapi?"

Hiza akafungua kompyuta mbio mbio. "Huyu hapa, bibi. Huyu hafi." Diwani akatokea kwenye skrini, akalia, na mlio ulikuwa wake mwenyewe, walimrekodi pale pale uani. Bi Mboza akautambua. Akaliona na sinia.

"Mlisema akikamatwa mnabonyeza, anarudi?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Bonyezeni."

Hakuna aliyenyoosha kidole. Bi Mboza akakaa chini akalia kilio cha mfiwa, maana alikuwa amefiwa mara ya pili.

Wakamsukumia kombe. "Lichukue, bibi, likufute machozi."

Akaligeuza, akakitazama kile kibao. "Nalichukua. Lakini jina nitaandikisha mimi: jina la aliyemmaliza Diwani. Ni nani?"

Semboja akasema, "Mimi nilishika kisu tu. Bila Mwantumu, asingefika kwenye kisu."

Mwantumu akasema, "Mimi nilitembea tu, alinifuata mwenyewe. Bila Hiza, nani angemfikiria?"

Hiza akasema, "Mimi nilisema tu. Tangu lini maneno yakachinja? Bila mwenyekiti kutaka pilau..."

Wakageuka. Mwenyekiti alikwishaondoka na mguu wake.

Mchonga majina ameitwa, yuko mlangoni na patasi yake, anangoja. Kibao ni kidogo, Bi Mboza bado analia. Haya, ninyi mnaochekacheka hapo, na wewe unayejifuta mafuta mdomoni: je, ni nani aliyestahili jina lake lichongwe?