Punje ya Mwalimu Kinyonga

Paukwa!

Pakawa!

Wewe wa nyuma, meza kwanza ndipo uitikie. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Nifuateni taratibu, maana hadithi hii ina msiba ndani yake.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule, na mwalimu wa kupiga picha alikuwa Kinyonga. Watoto wakanung'unika: "Mwalimu, hapa kwetu kuna nini cha kupiga picha? Tupeleke mlimani."

Kinyonga akazungusha jicho moja, akazungusha na la pili. "Anzeni hapo hapo mlipokaa," akasema. "Usiguse, usikanyage. Tulia, piga. Na kando ya kitu weka punje ya muhindi, ili atakayeitazama picha ajue ukubwa wake."

Basi wakatulia, wakapiga. Kacha! Siafu na punje. Kacha! Uyoga na punje.

Kindi, binti mdogo kuliko wote, akayapiga picha mayai ya Mama Kanga, yule ndege wa madoadoa. Picha ikatoka safi: mayai, punje, mkonge juu yake, kisima kwa nyuma. Mwalimu akaitundika ukutani, wazazi wakaja kuitazama.

Kenge naye akaja. Kwaru, kwaru, kwaru. Kenge huyo alikuwa na mkia wa kuvunja mifupa, na tumbo lake halikuwahi kusema basi. Akaikodolea macho picha ya Kindi.

"Hongera, mjukuu wangu. Mkonge huu si ule wa kisimani?"

"Ndio huo, babu," akajibu Kindi kwa adabu.

Kulipokucha, Mama Kanga alikuwa amekaa juu ya maganda matupu. Kindi akaja na kamera yake, akaiweka chini mbele ya Mwalimu.

"Siitaki tena. Mimi ndiye niliyewaua watoto wake."

"Aliyekula ni Kenge," akasema Kinyonga. "Lakini picha ilimwonyesha njia, na aliyeitundika ni mimi. Shika kamera yako."

Mama Kanga akahama, akataga tena. Kenge akapata habari. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka mlangoni pa darasa.

"Mwalimu! Kanga katagia wapi? Kesho nataka picha ya mayai hapo ukutani. Nisipoiona, nakula darasa zima, na nitaanza na huyu wa mkia wa manyoya!"

Kindi akajificha nyuma ya Mwalimu.

Kinyonga akamchukua hadi kwenye kichuguu kikuukuu nyuma ya shule. Ndani ya tundu lake palikuwa na kiota cha nyigu. "Sogea polepole," akanong'ona. "Karibu zaidi. Usiguse."

Kindi akatoa punje yake.

"Leo iache mfukoni," akasema Mwalimu.

Kacha!

Asubuhi Kenge akafika, akaona picha imejaa mayai meupe, kila yai ndani ya kikombe chake.

"Lo! Ya nani haya?"

"Ya mama mwenye watoto wengi."

"Ni makubwa?"

"Jionee mwenyewe, mzee."

"Makubwa mno! Yako wapi?"

"Kwenye kichuguu, nyuma ya shule."

Kenge hakuaga. Kwaru kwaru kwaru! Akaingiza kichwa chote tunduni, akaachama. Vuuu! Nyigu puani, nyigu ulimini, nyigu machoni!

"Mama yangu weee! Nakufa!"

Akakimbia huku akijigonga kwenye miti, mpaka mtoni, chubwi! Macho yakavimba yakaziba kabisa. Yalipokuja kufumbuka, vifaranga wa Mama Kanga walikuwa wamekwisha ota mabawa.

Kindi aliwapiga picha moja tu. Ipo ukutani hadi leo: unyayo mmoja wa kifaranga, na punje ya muhindi kando yake. Mkonge haupo, kisima hakipo. Mama Kanga alipoitazama, machozi yalimtoka.

"Wale wa kwanza," akasema, "sikuuona hata unyayo wao."

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aende nayo, aliyechoshwa nayo aniachie mwenyewe. Funzo lake ni hili, na msicheke: mkubwa akikuuliza, mweleze yote, usifiche hata kidogo, kwani kuficha ni uchoyo. Mama Kanga mwenyewe atawaambia hivyo hivyo.

Anatagia wapi siku hizi? Aa, mimi sijui. Na huyo aliyeuliza, hebu asogee hapa kwenye mwanga nimwone vizuri.